Tone la Karakana

Mjinga wa siku ile alikuwa yeye. Tuseme hivyo mapema, asije mtu akapoteza muda kumtafuta mwingine. Alikuwa na miaka sitini na nane, meno yote isipokuwa mawili, na akili iliyomlisha yeye na nyumba yake kwa miaka arobaini. Lakini asubuhi ile, kati ya saa moja na saa moja na robo, akili hiyo ilitoka kwenda matembezini na yeye hakuiona ikipita mlangoni.

Binti yake alikuwa anachelewa kazini. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kipande cha mkate mdomoni. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi kwenye kiwanda cha nguo, alikokuwa mkaguzi wa mishono, baada ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Mumewe alikuwa mbali, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, na nyumbani alifika mwisho wa mwezi tu. Mtoto alibaki na babu yake. Maziwa yalishakamuliwa na kuwekwa kwenye jokofu, chupa zilishachemshwa, nepi zilishakunjwa. Na kwenye rafu ya jikoni, kando ya kopo la chumvi, palikuwa na kichupa cha kahawia walichoandikiwa kliniki: vitamini D ya matone, kwa ajili ya mifupa ya mtoto.

"Baba, na hiki usisahau," binti alisema, mkate ukiwa umehamia shavuni. "Tone moja kwa siku. Moja tu."

"Tone?" Mzee akacheka. "Leo mimi ndiyo wa kufundishwa tone? Mama, nimetia matone kabla mama yako hajajua kama utazaliwa. Nenda, usije ukafukuzwa siku ya kwanza ukarudi hapa kunililia mezani."

"Kuna karatasi ndani ya boksi. Isome."

"Nitaisoma."

Na aliitoa kweli. Ilikuwa karatasi nyembamba yenye herufi ndogo kama sisimizi waliokufa wakiwa kwenye foleni. Miwani ilikuwa chumbani, mkono mmoja wa miwani hiyo umefungwa kwa waya, na mtoto alishaanza kulia. Akaikunja ile karatasi kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha kwenye boksi. Kuuliza si ujinga, na kila mtu analijua hilo. Shida ni kwamba anayejua tayari haoni cha kuuliza.

Ili ieleweke ujinga huu ulivyoingia, ni lazima tupite karakana kwanza.

Mzee alikuwa fundi rangi. Si mpakaji, mchanganyaji. Mtu angeleta kipande cha kigae, au mlango wa gari uliobonyea, au kitambaa cha pazia alilolipenda mkewe, akisema nataka ukuta wangu ufanane na hiki. Fundi angekitazama penye mwanga, angekitazama kivulini, kisha angeanza kutia rangi kali ndani ya ndoo nyeupe, akikoroga, akitia, mpaka ukiweka viwili hivyo pamoja usijue kipi ni kipi. Mtaani walimwita Jicho.

Rangi kali ilipimwa kwa bomba dogo la sindano, lililong'olewa sindano yake. Na karakana ilikuwa na lugha yake. Bomba likijazwa na kusukumwa mara moja mpaka mwisho, hilo liliitwa tone. Tia matone matatu ya bluu. Ama likisukumwa kwa uoga, kikadondoka kile kipunje kimoja kinachoning'inia mdomoni, hicho hakikuwa tone. Kiliitwa chozi. Ongeza machozi mawili ya nyeusi, taratibu. Fundi aliyemfundisha alisema hivyo, na fundi aliyemfundisha fundi huyo alisema hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Kwa miaka arobaini tone lilikuwa bomba zima, na aliyechanganya maneno hayo mawili aliharibu ndoo ya mteja.

Sasa kichupa cha mtoto kilikuja na kijibomba chake cha kioo, chenye kichwa cha mpira. Mzee alipokiona alifurahi kama aliyekutana na mtoto wa rafiki yake. Akabonyeza mpira, akauachia, mafuta yakapanda mpaka shingoni. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakagua kama kuna kiputo cha hewa. Hakikuwepo. Alikuwa fundi.

"Tone moja," akasema. "Bi Mdogo, fungua mlango."

Mtoto alipewa jina la bibi yake, aliyefariki miaka mitatu nyuma, na mzee hakuwa tayari kumwita mwingine kwa jina hilo. Kwa hiyo alijitafutia jina lake. Mkewe alikuwa Bi Mkubwa. Huyu akawa Bi Mdogo, na mambo yakaenda kama yanavyokwenda kwenye nyumba ya wake wawili.

"Mwenzio hakuwa mgumu hivi," alimwambia, akimfuta kidevu. "Nilimpa dawa akanywa, nikampa chai akanywa, nikampa maneno akayameza. Wewe mate tu unanitemea. Haya. Haba na haba hujaza kibaba. Ukifika mwaka utakuwa na mifupa ya kubeba ndoo mbili, umsaidie mumeo huyu mzee."

Bi Mdogo alicheka kwa ufizi. Ndivyo ilivyokuwa kila siku, saa nne asubuhi, bila kukosa. Kama kuna kitu ambacho hakuna atakayeweza kumlaumu kwacho, ni kusahau.

Kichupa cha kwanza kilimalizika baada ya wiki mbili. Mzee akambeba mtoto kifuani, akaenda duka la dawa lililo mkabala na kituo cha mafuta. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nipe ndugu yake huyu," akaweka kichupa kitupu juu ya kaunta.

Dada akakigeuza. "Kimeisha? Mbona hiki mmenunua juzi tu? Au kimemwagika?"

"Kimeisha kihalali. Nusu anakunywa mtoto, nusu anakunywa babu. Na mimi nina mifupa."

Dada akacheka. Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka. Mmoja akasema mzee na mimi niongezee. Swali likafa pale pale juu ya kaunta, na hakuna aliyelizika. Angekuwa mzee mnunaji, wa kukunja uso na kujibu alichoulizwa, huenda hadithi hii ingeishia dukani. Lakini Jicho hakuwahi kuacha swali lipite bila kulitia utani, na utani wake ulikuwa mzuri, na watu walimpenda kwa huo.

Kichupa kipya akakiweka mahali pa kile cha zamani. Hakumwambia binti yake. Si kwamba alimficha. Ni mtu gani anayetangaza kwamba amenunua chumvi? Binti alirudi jioni, akaona kichupa kando ya kopo, akaridhika. Wiki mbili baadaye kikaja cha tatu, kutoka duka jingine, kisha cha nne.

Bi Mdogo alikuwa mtoto wa kelele. Alilia akiwa na njaa, alilia akishiba, na akikosa sababu alilia ili asisahau namna ya kulia. Kwenye wiki ya sita kelele zikapungua. Mzee akajisifu kwa jirani, mwalimu mstaafu wa chekechea, kwamba amempatia dawa.

"Nimemtuliza. Wanawake wanataka kusikilizwa tu."

Kisha choo kikawa kigumu. Siku nne bila kitu, siku ya tano vijiwe. Kisha akaanza kuyakataa maziwa, na aliyoyanywa akayarudisha begani kwa babu. Nepi zilijaa mkojo kuliko kawaida, zikibadilishwa na kujaa tena, na bado midomo yake ilikuwa mikavu.

"Baba, mbona amepungua?" binti aliuliza jioni moja, akimnyanyua mtoto na kumshusha kama anayepima kilo.

"Anarefuka."

"Miezi mitano anarefuka kwenda wapi?"

"Ni meno, mama. Wewe ulipoota meno ulikuwa kama uzi. Mama yako alitaka kukufunga jiwe usipeperuke."

Binti alitaka kucheka, akaacha. Alisema Jumamosi atampeleka kliniki. Ilikuwa Jumanne.

Na mzee, ambaye usiku ule alilala akiwaza, aliamka na shauri. Mtu akilegea huongezewa nguvu. Rangi ikipauka huongezewa tone. Jumatano, bila kumuuliza yeyote, alimpa Bi Mdogo matone mawili. Alhamisi mawili. Ijumaa mawili, na lile la pili mtoto alilitapika lote; mzee akamfuta, akamwomba radhi, akamjazia jingine.

Jumamosi asubuhi shingo ya Bi Mdogo haikusimama. Hawakwenda kliniki. Walikwenda hospitali, binti akiwa na kanga juu ya nguo ya kulalia.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kwa umri kuliko binti mwenyewe, na sauti yake haikupanda hata mara moja. Aliuliza yote yanayoulizwa. Alizaliwa lini, anakula nini, ameanza lini kutapika, nyumbani nani mwingine anaumwa. Anatumia dawa gani?

"Hakuna," binti akajibu. "Vitamini D tu. Tone moja kwa siku, kama tulivyoelekezwa."

Daktari akaandika. Wakamtoa mtoto damu, wakamtundikia maji kwenye mshipa wa kichwani kwa sababu mishipa ya mkononi ilikuwa imejificha. Majibu yalipotoka daktari aliyasoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akayasoma tena akiwa amekaa.

"Kalsiamu yake iko juu sana," alisema. "Yale madini ya mifupa. Yako kwenye damu kwa wingi ambao sijauona kwa mtoto. Mama, hayo matone, nani anampa?"

"Mimi," mzee akasema. Alikuwa kwenye benchi la ukutani, kofia mapajani. "Kila siku saa nne. Sijawahi kukosa."

"Kichupa mnacho hapa?"

Binti alikuwa nacho kwenye mkoba. Alichukua kila kitu cha mtoto alipotoka. Daktari akamwomba nesi kijiko na maji kidogo ndani ya kikombe. Nesi alikuwa mama mtu mzima, mnene, aliyetembea kama mwenye wodi.

"Babu," daktari akasema, "tia maji haya, kama unavyotia dawa. Nataka tu kuona mkono wako."

Mzee aliinuka. Kuna furaha moja ya kipumbavu ambayo fundi huwa nayo akiombwa kuonyesha kazi, hata msibani, na alikuja kuikumbuka baadaye kwa aibu kuliko mengine yote. Alibonyeza mpira, akauachia, maji yakapanda mpaka shingoni. Akakiinua dirishani, akatazama kama kuna kiputo. Kisha akakamua yote ndani ya kijiko, mpaka kijibomba kikabaki kitupu.

"Tone moja," akasema.

Nesi aliyekuwa ameshika kijiko hakukishusha. Mahali fulani kwenye korido gurudumu la kitanda lililia likapita.

"Babu," daktari akasema polepole, "kila siku hivyo? Kwa muda gani?"

"Wiki saba. Karibu nane."

"Mmetumia vichupa vingapi?"

"Kimoja," binti akasema.

"Vinne," mzee akasema.

Binti aligeuka akamtazama baba yake, kisha akatazama kijiko. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka sita aliyekuwa akikaa kwenye karakana ya baba yake juu ya ndoo iliyogeuzwa, akihesabu bomba kwa sauti.

"Hilo ni tone la karakana," alisema.

Daktari hakuelewa, na haikuwa lazima aelewe. Aliwaeleza kwa maneno mafupi. Tone lilikuwa lile linaloanguka lenyewe. Kwenye dawa ile, moja lilimtosha mtoto siku nzima, na kichupa kimoja kingempeleka mwaka na zaidi. Kile kijibomba kilibeba kama matone thelathini. Vitamini hii huyaita madini ya mifupa. Ikizidi, huyaita mengi kuliko mifupa inavyoweza kuyapokea, nayo hubaki kwenye damu yakizurura, na figo ndizo zinazokesha zikiyatoa. Ndiyo maana alikojoa mpaka akakauka. Ndiyo maana tumbo lilifunga na shingo ikalegea.

"Basi tukiacha itatoka," binti akasema. "Si ni vitamini?"

"Nyingine hutoka na mkojo. Hii hukaa kwenye mafuta ya mwili. Itachukua wiki nyingi, pengine miezi. Tumeiacha kuanzia sasa hivi." Akamgeukia mzee. "Babu, samahani, ni lazima niulize. Siku zote kilikuwa kijibomba kimoja? Hakuna siku uliyozidisha?"

Hapa ndipo mtu angeweza kujiokoa. Hakuna aliyeona. Bi Mdogo hakuwa na maneno. Mzee alizungusha kofia mapajani, mzunguko mmoja, wa pili.

"Siku tatu za mwisho," akasema, "nilimpa viwili. Nilimwona amelegea."

Kalamu ya daktari ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Binti alitoka nje ya chumba.

Nesi ndiye aliyebaki naye. Alikaa kando yake kwenye benchi, benchi likalalamika. Kisha akachukua kile kichupa.

"Babu, tazama. Siku nyingine mtu akikuuliza, umwonyeshe hivi." Akakiinamisha kijibomba juu ya kijiko, akabonyeza kidogo mno, kikadondoka kipunje kimoja kinachong'aa. "Ndani ya kijiko kwanza, si moja kwa moja mdomoni, ili ukikosea umwage. Na anayetoa awe mmoja, na kichupa kikiisha mapema, uliza. Usicheke, uliza."

Mzee alikitazama kile kipunje.

"Hilo ni chozi," alisema.

"Ni nini?"

"Binti yangu angesema chozi. Angesema chozi moja, ningempa chozi."

Nesi hakujua anazungumzia nini, lakini alikuwa ameona wazee wengi kwenye benchi lile. Akamshika bega. "Wewe si wa kwanza," alisema. "Mwaka jana alikuja baba mmoja, mhasibu, msomi kabisa, na miwani yake usoni. Alikosea vile vile."

Ilikuwa faraja, lakini ilipita kando yake.

Bi Mdogo alikaa hospitali siku kumi na tisa. Maji kwenye mshipa, dawa za kusukuma madini yatoke, damu asubuhi na jioni mpaka visigino vyake vikawa na madoa ya bluu. Mkwe alikuja siku ya pili, na vumbi la barabara kwenye nyusi. Tangu amuoe binti wa mzee alikuwa akimwita Baba. Alisimama kando ya kitanda cha mtoto, kisha akasema, bila kugeuka:

"Mzee, miwani yako ilikuwa wapi?"

Hakusema zaidi, siku ile wala zilizofuata. Mzee alikuwa na majibu ya kila kitu tangu utoto. Alipigwa na fundi wake akiwa na jibu mdomoni. Safari hii alichukua kofia yake akatoka koridoni.

Siku ya kumi na mbili walimpima mtoto kwa ultrasaundi, ile mashine yenye kioo cha kutazama tumboni. Daktari aliwaonyesha: figo mbili ndogo kama maharage, na ndani yake vijidoa vyeupe vilivyotawanyika.

"Madini yameganda," alisema. "Kama vumbi la chokaa. Mara nyingine hupungua kadiri mtoto anavyokua. Mara nyingine hubaki. Tutamfuatilia. Itabidi anywe maji vizuri, apimwe kila mara, na kila daktari atakayemwona maishani mwake aambiwe."

Maishani mwake. Mtoto alikuwa na miezi mitano.

Mzee alizitazama zile nukta nyeupe kwa jicho lililomlisha miaka arobaini. Chokaa aliijua. Alishawaambia wateja mara elfu: ukuta uliowahi kupakwa chokaa usidanganyike, utaukwangua, utausugua, utaupaka rangi ya bei mbaya, na siku ya unyevu itachungulia. Alitoka mpaka kwenye bomba la maji uani, akafungua, akanawa mikono. Akanawa tena. Binti yake alimkuta pale.

"Umeshanawa, Baba."

"Inateleza bado. Ile dawa ni ya mafuta."

Binti akalifunga bomba. Alikuwa amekonda, gauni lilimning'inia.

"Nataka kukuambia kitu na usinikatize na utani," alisema. "Nimekulia kwenye ile karakana. Nilijua chozi kabla sijajua kusoma. Ulikuwa unaniambia, mama, hesabu matone, nami nahesabu bomba. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni na mkate mdomoni nikakuambia tone. Wewe ulisikia nilichosema."

"Hukuwa na kosa. Ulikuwa unachelewa."

"Nilikuwa nachelewa, ndiyo. Na jioni kila siku nilikiona kile kichupa, hata siku moja sikukiinua. Kazi yangu ni kukagua, Baba. Nakagua mishono ya nguo za watu nisiowajua."

Mzee alitafuta neno la kumchekesha, kama alivyomtafutia tangu akiwa na magoti yaliyochubuka. Alitafuta kweli. Walikaa kwenye ukingo wa mtaro, bega kwa bega, na binti akalia, na yeye akalia, wala hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Walirudi nyumbani mtoto akiwa na maziwa maalumu, ratiba ya vipimo iliyobandikwa kwenye mlango wa jokofu, na sauti. Kelele zilikuwa zimerudi, nusu yake hivi. Lakini mzee hakumshika. Binti akimpa mtoto, ghafla palikuwa na bawaba ya kutia grisi. Akimlaza kwenye mkeka karibu naye, palikuwa na koki inayovuja. Ndani ya wiki mbili hapakuwa na kitu kibovu nyumba nzima, na Bi Mdogo, akimsikia akigonga misumari, aligeuza kichwa kuitafuta sauti ilipo, akingoja aitwe. Hakuitwa. Mzee alisema "mtoto": mtoto ameamka, mtoto anataka maji.

Jumapili moja, kesho yake binti akitakiwa kurudi kiwandani, alimkuta baba yake sebuleni amevaa koti, begi limesimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa baba yako mdogo. Ananiita tangu mwaka juzi. Anasema paa lake linavuja."

"Baba mdogo anakaa ghorofa ya pili, na juu yake kuna tatu."

"Basi linavujia kwa jirani."

Zamani wangecheka wote wawili. Binti alimhamisha mtoto kwenye nyonga ya pili.

"Na huyu?"

"Nimeongea na mwalimu hapo jirani. Amekubali. Amelea watoto wa watu miaka thelathini. Anasoma hata maandishi ya kwenye kiberiti. Nimemwonyesha ratiba, ameinakili yote kwenye daftari."

"Umepanga na mwalimu, hukupanga na mimi."

"Ungekataa."

"Ndiyo ningekataa. Nimeshasema hospitalini, kosa ni letu sote."

"Ulisema kwa sababu mimi ni baba yako." Mzee alikuwa anajifunga vifungo vya koti, akikosea, akianza upya. "Mama, hebu tuseme ukweli. Mumeo hawezi kunitazama."

"Mume wangu atakutazama akiweza. Amepiga simu jana akauliza, Baba anakula? Amesema Baba. Lakini sasa naongea mimi."

"Kila nikimwona, naiona ile chokaa."

"Na mimi naiona. Nitahamia wapi mimi?"

Hilo lilimkaa moyoni. Alitazama sakafu, kisha mikono yake, yenye rangi ya bluu chini ya kucha ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuitoa.

"Mkono huu siuamini tena," alisema. "Nimeustaafisha. Umefanya kazi miaka arobaini, na siku ulipopewa kitu cha thamani umekiharibu. Nisipokuwepo, siwezi kumkosea. Ni hesabu nyepesi tu, mwanangu. Niache niende, nimsaidie kwa kukaa mbali."

Akaliinua begi. Bi Mdogo, aliyekuwa amesikia sauti yake ikiongea kwa muda mrefu kuliko siku zote hizo, alijinyoosha kutoka nyongani kwa mama yake, mikono mbele, nusura aanguke.

Binti hakumrudisha. Alimwacha aning'inie vile, katikati yao.

"Baba," alisema, "mkono wako ulikosea kwa kutojua. Huo mguu unaotaka kuondoka, unakosea ukijua."